Nilivyolipandisha Bega Hadi Kumi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie. Presha imeshuka, au bado unalamba chumvi kama mbuzi? Sisi wazima, na mimi mzima kuliko wote: leo nimeanika mashuka mwenyewe, mikono juu.

Ndiyo, bega limepona. Unamkumbuka yule binti tabibu anayenyoosha watu migongo kwa mikono? Wakubwa wake humwambia kazi yao ni uti wa mgongo, basi. Yeye akasema mikono hiyohiyo inaweza kusaidia bega na goti, ila lazima apime aone. Akatukusanya wazee arobaini wenye mabega mabovu, kila mtu na daftari lake la kuandika maumivu ya kila siku, sifuri hadi kumi.

Shule niliiacha darasa la pili, lakini najua kumi ni alama ya mwenye akili. Siku ya kwanza, bega likiwaka moto, nikajipa mbili. Kila lilipopoa nikajipandisha: tano, saba, tisa. Wiki ya sita, kumi! Nikaipigia na mstari.

Binti alipolisoma daftari alinywea. Akaniuliza kama amekuwa akiniumiza. Nikamwambia aache maswali ya kitoto. Akasema wakubwa wameona kuna mzee anazidiwa, na utafiti wa mabega utasimamishwa.

Sasa nikwambie la aibu, na usinitangaze. Wiki ya tatu, tukiwa kwenye benchi, nilimsikia binti akimweleza yule fundi viatu wa mtaani, naye ana bega bovu, kwamba kumi ndiyo maumivu makali kabisa. Nilielewa palepale. Lakini nianze kufuta mbele ya fundi viatu, anayeniita Bibi Kisomo? Thubutu! Nikaendelea kupanda.

Jana nimekwenda kusema yote, mkubwa wake akisikia. Binti hakunigombeza, heri angenigombeza. Alisema daftari langu haliwezi kuhesabiwa, maana hajui wapi nilikosea na wapi nilidanganya. Bega lililopona kuliko yote, halimo! Iliniuma, lakini utafiti unaendelea, na usingizi nimelala.

Jumatatu wanaanza magoti. Binti kaniomba niwaeleze wapya maana ya sifuri na kumi. Nitawasimulia habari za mzee mmoja mpumbavu. Fundi viatu atakuwepo, safari hii na goti lake, na kwa umbea wake ataniuliza mzee huyo ni nani. Nitamwambia.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na hiyo chumvi iache.

Ni mimi dada yako mkubwa, mzima wa bega.