Barua Niliyomficha Elieth

Zuzu,
Dodoma.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Ebenezer,

Hamjambo huko Mbeya? Kifua cha shemeji Bupe kimepata nafuu na baridi hiyo? Sisi tunaamka, tunashukuru. Shemeji yako Lea anakula kidogo. Shamba la zabibu sijalikanyaga tangu tumzike mwanetu Elieth.

Ulipokuja msibani sikukutazama usoni. Najua ulidhani bado nina kinyongo cha ule ubishi wetu wa mageuko ya viumbe, siku niliyokufukuza nikisema mambo ya nyani hayafundishwi nyumbani kwa mwinjilisti. Nilikuwa na aibu, Eben. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningeishia kwenye salamu tu.

Ile barua uliyomtumia mwanangu mwezi wa kumi, niliipokea mimi stendi. Nikaifungua, nikaona neno mageuko, nikaifungia kabatini. Sikufika hata mstari wa tano, mimi ninayejiita mtu wa Neno.

Mtoto alikuwa amekuuliza jambo moja tu: seli mundu yake ni adhabu ya dhambi gani? Aliniuliza mimi kwanza, nikamwambia atubu. Miaka kumi na sita, atubu nini?

Juzi nimeisoma yote. Kumbe ulimweleza kwamba anayerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja malaria haimuui kirahisi, na ndivyo bibi zetu walivyopona wakatuzaa. Yeye aliipata kwangu na kwa mama yake pia, pande zote mbili. Ukamalizia: "Hujamkosea Mungu, mwanangu."

Bado sikubali kila kitu. Kama ugonjwa ule haukukusudiwa na yeyote, mwanangu amekufa bure. Kama ulikusudiwa, namwombaje aliyeukusudia? Kila nikipiga magoti nakwama hapo hapo. Lakini neno lako la mwisho lilikuwa Injili, na aliyemnyima ni mimi baba yake.

Kila Ijumaa aliniuliza kama baba mdogo amejibu. Nilimwambia bado.

Jumamosi ya tarehe 22 tunaweka msalaba. Nakuomba uje uisome barua yako pale kaburini, waumini wote wasikie. Mimi sitaweza.

Msalimie Bupe na kijana wetu Damas. Mungu awafunike safarini. Na kuna salamu nilizozikalia tangu mwezi wa kumi: Elieth anakusalimu sana, anasema anasubiri majibu.

Ni mimi kaka yako, akupendaye ingawa amekukosea,
Yotham