Godoro la Wageni Limeishia Gereji

Volkmar, naenda stesheni kumpokea dada Irmtraud. Supu ya dengu iko jikoni, ipashe moto.

Asubuhi nimelitafuta godoro la wageni, nikalikuta gereji, limekatwakatwa na kupigiliwa ukutani. Eti jirani asisikie mashine yako ikichonga vyuma siku ya Jumapili, siku ambayo kelele zimekatazwa! Ulipoifungia mashine hiyo mota kubwa uliniambia oda unazochongea kiwanda zitaisha upesi, tupumzike. Haziishi.

~~Dada atalala sebuleni.~~ Dada atalala kitandani kwako. Wewe kalale na mota yako.

Ila kazi umeiweza. Huku ndani mashine haisikiki kabisa. Nimegonga ukuta, nimekuita tunywe kahawa, nawe hukunisikia. Ndiyo maana nakuandikia.

Mkeo, wa upande wa pili wa ukuta