Chuma Kilichoelea

Bwiza, Bujumbura, Juni 1995

Dada Zubeda,

Salamu kwako na watoto huko Kigoma. Huku sukari imeadimika, na barabara ya kituo cha hali ya hewa imepigwa risasi tena. Bonfils, mwenzake mumeo Faruk kazini, amefia hapo.

Kwa hiyo nilikwenda kituoni kumwambia mumeo apande meli ya kuja kwenu Kigoma, kama ulivyoniagiza. Nilimkuta na Epiphanie, afisa wa takwimu za nishati, anayetaka kujua haidrojeni inayotengenezwa nchini ni kiasi gani na inatumika wapi.

"Mita yenu iko wapi?"

"Mita apana, madamu. Kipimo ni hii chuma."

Faruk alining'iniza chuma kwenye mdomo wa puto la kupimia upepo, akafungulia gesi hiyo ya haidrojeni. Puto lilivimba mpaka chuma kikainuka chenyewe mezani, kikaelea.

"Imetosha."

Tulitoka nje, akakifungua chuma, akaliachia puto. Lilipanda juu ya milima ile tunayoiogopa, jeupe, kimya, mpaka likawa nukta. Askari wa kizuizi cha barabarani waliacha utani wao. Epiphanie alisahau kuandika. Tangu vita vianze sijawahi kuona watu wa hapa wakitazama juu bila kutafuta pa kujificha.

Ndipo nikamtajia meli.

"We shemeji, ndege ya dawa inangoja nieleze upepo. Nikienda, ni nani atafanya hii kazi?"

Meli ya Alhamisi itafika bila yeye. Ungeliona lile puto, dada, nawe ungemwacha abaki.

Nduguyo anayewawaza,
Sulemani