Mama Mkwe Kaambiwa Alipe Kwanza

Mpendwa Tantine Consolée, shangazi wa mashauri yetu, naomba msaada wako, maana nyumbani nimebaki mimi na kuku tu. Naitwa Magloire, nauza mchele na mafuta ya mawese hapa Kasongo, na kila mara napanda pikipiki kupeleka mzigo kwa wachimbaji wa Lusangi, huko réseau hakuna, simu haishiki kabisa, nikirudi nakuta wateja wamenuna kwa kuwa hawakujibiwa, basi rafiki mmoja akanielekeza kwa msichana wa Bukavu, Sarah-Grâce, ambaye anakaa kwao na kujibu ujumbe wa wafanyabiashara hata asioonana nao, nami nikaunganisha WhatsApp yangu na kompyuta yake, nikamwambia hivi tu: «Ujibu kila mutu na mapendo, lakini asiyelipa usimupakilie.» Tantine, kazi ilikwenda vizuri, wateja wakaongezeka, mpaka siku moja niko Lusangi, mama mkwe wangu wa Kabambare akaandika: «Mukwe, salamu. Baba yenu hana nguvu, hata kusimama hawezi. Mutukumbuke na muchele.» Sarah-Grâce akamjibu: «Bonjour mama murembo, asante kwa kutuchagua. Lipa kwanza, kisha tutapakia», akaweka na mioyo miwili myekundu, na mimi kwa heshima ya ukwe tangu nioe sijathubutu hata kula mbele ya mama huyo, naye neno lake kwangu hulipitisha kwa mke wangu. Mama akamtumia mke wangu Estelle ujumbe wote kama ulivyo. Nafika nyumbani, Estelle ananiuliza: «Ulisema Lusangi hakuna réseau. Sasa iko nani aliandikia mama yangu mioyo?» Nikajibu ni msichana wa Bukavu ananisaidia, na mimi nilikuwa nimemficha jambo hilo kwa kuogopa wivu, basi kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu, akachukua watoto, akaenda kwao. Sasa wazee wa kule wanataja mbuzi wa faini. Je, nimfukuze Sarah-Grâce? Na nitampataje mke wangu?

Magloire, Kasongo

*

Magloire mdogo wangu, nimecheka mpaka chai ikapoa, unisamehe. Mama mkwe kuitwa mrembo na mkwe wake, tena kwa mioyo miwili. Mmoja labda tungeutetea.

Sarah-Grâce usimguse. Ulimwambia kila mtu, akajibu kila mtu. Aliyeko Bukavu atajuaje kwamba namba ile ni ya mama unayemkimbia hata njiani? Mtu anayekufanyia kazi kwa mbali haoni uso wako ukikunjamana, kwa hiyo yaliyo kichwani mwako yaseme kwa mdomo. Nunua namba nyingine ya biashara, aijibu hiyo peke yake. Mpe bei, siku za mzigo, majina ya wateja unaowaamini, na swali asilolijua akuwekee, asibahatishe. Kabla ya kupanda pikipiki mpigie, ukirudi mpigie tena na usome alichoandika. Wewe ulimkabidhi mlango ukaenda zako. Na Estelle azungumze naye wajuane. Kazi halali ukiificha inanuka kama wizi.

Sasa nakugombeza. Mama ambaye miaka yote neno lake kwako alilipitisha kwa binti yake, safari hii amekuandikia mwenyewe. Umejiuliza alisukumwa na nini? Mzee hasimami. Nawe umeniandikia habari ya mioyo, ya mbuzi, ya kompyuta, na hakuna mahali uliposema baba mkwe wako anaendeleaje. Hapo niliacha kucheka. Estelle hakuondoka kwa wivu tu. Baba yake anaumwa, na simu ya mume wake ikadai malipo.

Mbuzi utamtoa, tena bila kubishana. Tafuta mjomba wako, au mtu mzima yeyote anayejua kusema mbele ya wakwe, akutangulie kuingia, maana habari ya mioyo ile wewe huwezi kumweleza mama mwenyewe. Funga magunia ya mchele uondoke kesho. Usiniambie habari ya wateja; Sarah-Grâce atawajibu, ndiyo kazi uliyomwajiria. Ila Estelle mpigie wewe, kwa sauti yako, umwambie unakuja. Ukifika usianze kujitetea. Keti karibu na baba mkwe wako, umuulize ameamkaje, na usikilize mpaka amalize.