Gari Limewaka, Mtani Hanitukani Tena

Mshauri wetu mpendwa wa gazeti,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na ukitaka kujua hali yangu mie ni mzima wa afya, na baada ya salamu nakuja kwako kutaka msaada, ingawa kwanza ujue kwamba mie si mtu wa kuomba msaada, Temeke nzima wanajua, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe wala sikumtafuta karani, shule nilikaa miezi minne tu lakini ile miezi minne niliishika vizuri, kwa hiyo ukiona herufi zimelala usicheke, soma.

Jina langu Mwishehe, Mzaramo wa hapahapa, nina gari la vani la siti nane nililonunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na vani hilo nikwambie hakuna la pili kuanzia Mtoni mpaka Gongo la Mboto, linabeba maharusi, linabeba wagonjwa, linabeba hata wafiwa, na mie ndiye dereva na ndiye utingo na ndiye mwenye mali. Jambo moja tu sikulijua zamani, nalo ni moto wa betri, na hilo alikuwa ananitazamia fundi Kasimiri, Mnyamwezi wa Tabora, ana kibanda chake pale Keko. Sasa wewe unajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na sie tulikuwa watani hasa, si wa mdomoni. Kila akija kazi yake ya kwanza ni kuninyang'anya kofia yangu ya bulibuli, anaivaa yeye, analizunguka gari nayo anasema, "Nipisheni, leo mie ndiye Mzee Mwishehe, sijui kitu lakini nipisheni," na mie namfukuza na bakora, "Rudisha kofia, mpagazi wee, kichwa chako kimezoea mzigo," na watu wanacheka mpaka wanakaa chini, halafu ndipo anafungua boneti.

Sasa sikiliza. Ilipokaribia Idd nikasema mwaka huu gari langu litang'aa kuliko bibi harusi, nikanunua rangi ya kijani nikalipaka mwenyewe, nje, ndani, magurudumu, nikafungua boneti na huko nikapaka, nikafungua hiki nikafunga kile, sikuacha hata msumari. Mke wangu Zuena alikuwa kibarazani anasuka ukili wa mkeka, akaniuliza, "Baba Tabu, na hicho kiukili cha chuma nacho unakipaka rangi? Si kimefungwa hapo kwa kazi yake?" Nikamwambia asuke mkeka wake, gari aniachie mie.

Idd ikapita vizuri, siku ya tatu gari likaanza kulegea. Ukibonyeza starta linasema tak, basi, limenyamaza. Ukipiga honi taa zinasinzia. Kasimiri akaichukua betri akaenda kuichaji siku mbili, akairudisha, gari likaenda siku nne, tak. Na tak yenyewe ikaja siku ya harusi ya binti wa Mzee Shomari, bibi harusi ameshakaa ndani, vigelegele vimeshapigwa, ikabidi wanaume na kanzu zao nyeupe wasukume, na rangi yangu ya kijani ikawabandukia mikononi. Kasimiri alikuwa mmoja wa waalikwa, akaja anacheka, akaninyakulia kofia kama kawaida yake, akasema, "Nipisheni, Mzee Mwishehe ameleta gari la kusukuma, la miguu kumi na sita."

Mie nikamwambia, "Mwizi wewe, umeuza betri yangu ukaniwekea kuukuu."

Watu wakacheka, walidhani ni utani. Yeye naye akacheka. Nikasema tena polepole, wakanitazama usoni wakaona si utani. Kasimiri akaivua kofia yangu, akaipangusa vumbi, akanivalisha kichwani kwa mikono yake miwili, akasema, "Samahani, Mzee," akaenda zake.

Baada ya hapo nikaita mafundi watatu. Wa kwanza akafungua starta akaifunga, wa pili akasema dainamo, wa tatu akasema uza. Nikawafukuza wote nikasema Mwishehe hashindwi na chuma, nikafungua boneti mwenyewe baada ya sala ya alfajiri, nikamwambia Zuena kaa kwenye usukani ubonyeze starta nikikwambia. Akabonyeza, tak. Nikapapasa kila kitu, na mkono wangu ukagusa waya wa choki, ule unaouvuta kwa mkono gari likiwa baridi, mshauri, ulikuwa wa moto mpaka ukanibabua vidole. Nikajiuliza, choki haina habari na betri, waya huu moto umeupata wapi? Nikakaa juu ya ndoo nikafikiri mpaka jua likanitoka utosini, na hapo ndipo nilipoyajua mambo ambayo wale watatu hawayajui. Moto unatoka kwenye betri kwa waya, unakwenda kazini, kwenye starta, kwenye taa, kwenye honi, lakini ukimaliza kazi lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudia ni chuma chenyewe cha gari. Sasa injini imekalia mipira, na mpira haupitishi moto, ndiyo maana Wazungu wakaweka waya uliosukwa kama ukili kutoka kwenye injini mpaka kwenye chasisi, uwe daraja. Na lile daraja nililifungua mie nikapaka rangi chini yake na juu yake nikalifunga. Moto umekosa njia, ukawa unapenya kwenye waya wa choki kama mtu anayetokea dirishani. Na dainamo nayo imefungwa kwenye injini, kwa hiyo hata kuijaza betri haikuweza.

Nikachukua kisu na msasa, nikakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga na spana kwa nguvu zangu zote. Nikamwambia Zuena bonyeza. Ilikuwa imebaki nguvu kidogo tu ndani ya betri lakini gari lilinguruma mpaka kuku wa jirani wakapanda ukutani, nikawasha taa mchana, nikapiga honi, taa hazikusinzia, nikazunguka Temeke yote na taa zinawaka, watu wakatoka nje wakanipigia makofi, na tangu siku hiyo naitwa Fundi Mwishehe, watu wawili wameshaniletea magari yao, moja nimelitengeneza.

Msaada ninaoutaka ni huu. Watu waliniuliza ugonjwa ulikuwa nini, nikasema siri ya fundi. Na betri ni ileile, mshauri, inafanya kazi mpaka leo, kwa hiyo Kasimiri hakuiba kitu. Mwenye gereji moja ya Barabara ya Pugu alikuwa amwandike kazi, amesikia habari ya wizi amesita, na Kasimiri amefunga kibanda, anasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi anapanda treni kurudi kwao. Nimekutana naye mara mbili. Ananiamkia shikamoo, anainamisha kichwa, anapita. Kofia yangu haigusi. Mtani akikuheshimu hivyo amekwisha kukuzika.

Nimewaza nimpelekee jogoo na kanzu mpya kimyakimya, nimwambie maneno mawili mie na yeye tu, yaishe, kwa sababu jina la fundi nimelipata uzeeni na sitaki lichezewe. Niambie kwamba inatosha. Na usiandike jina langu gazetini.

Mie, Mwishehe, Temeke.

*

Mzee Mwishehe, shikamoo.

Umeshaitikia? Basi kaa sasa nikwambie. Jibu hili nalituma kwa posta kwanza, gazetini halitoki mpaka uniruhusu.

Haitoshi. Ulimwita mtu mwizi mbele ya harusi nzima, leo unataka kumsafisha gizani na jogoo. Hao waliosikia watajuaje? Jogoo atawaambia?

Pole kwa vidole. Na hongera, nasema kweli. Wenye shule zao wangebadilisha starta mbili kabla hawajaushika ule waya wa choki, na wewe uliufuata mpaka mwisho. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini nimesoma barua yako mara mbili, na aliyekiona kiukili kile wa kwanza alikuwa Zuena, siku ileile brashi ikiwa mkononi mwako. Umeliandika mwenyewe kisha ukalipita mbio kama mtu anayepita kwa anayemdai. Mke anayesuka ukili miaka yote anajua kitu kilichosukwa kina kazi. Kaanzie kwake, leo hii.

Halafu usingoje Jumamosi. Omba baraza ya Mzee Shomari, waite walewale waliosukuma, na yule mwenye gereji naye umfuate mwenyewe, usitume mtu. Lipeleke gari. Fungua boneti, kifungue kile kiukili, weka kipande cha karatasi chini yake ukifunge tena, ubonyeze starta mbele yao wasikie tak. Kisha toa karatasi wasikie linavyonguruma. Hapo useme kwa mdomo wako: rangi nilipaka mie, betri ni ileile, Kasimiri hakuiba kitu chochote. Maneno kumi tu. Usiongeze habari ya kuku wa jirani.

Na Kasimiri umtafute kabla, uende kwake Keko kwa miguu. Usimwombe akusamehe kwanza. Mwombe aje akutukane. Wewe Mzaramo, haki ya mtani wako unaijua: akikuaibisha mbele za watu huna ruhusa ya kukasirika, na akichukua kitu chako hukidai. Umemnyima haki hiyo kwa kumwita mwizi, basi mrudishie. Aieleze yeye habari ya rangi ya kijani, kwa namna atakavyo, na wewe usimame pale uisikilize mpaka mwisho bila bakora.

Kuhusu gari, kwa kuwa umekwisha kuwa fundi: mahali popote waya unapokutana na chuma pasipakwe rangi, pakwanguliwe pawe peupe, pafungwe, kisha ndipo pasiribwe grisi juu ili chumvi ya pwani isile. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe vioshe kwa maji ya moto. Maji ya betri tazama kila Ijumaa, na usitie ya kisimani. Starta isipoitika mara mbili, acha kubonyeza, tafuta. Na kabla hujamtaja mtu, shika nyaya zote kwanza uone upi una joto.

Mshauri wako.

*

Mshauri,

Barua yako nimeisoma, maneno mengine makali lakini nimeyameza. Kwa Zuena nilianza, akasema alijua, akaendelea kusuka. Keko nilikwenda kwa miguu, Kasimiri alikuwa anafunga sanduku kwa kamba, nikamwambia njoo unitukane, akaiachia kamba akasema, "Nitahitaji siku nzima, Mzee."

Ijumaa tulikuwa barazani kwa Mzee Shomari, watu wengi kuliko siku ya harusi. Karatasi niliiweka, tak ikasikika, karatasi nikaitoa, likanguruma. Maneno kumi niliyasema, yalifika kumi na tano. Halafu Kasimiri akasimama juu ya ndoo yangu akaeleza jinsi Mzaramo alivyompaka rangi kila mtu pamoja na moto, na alivyotaka kumpaka mkewe ila mkewe alikimbia, Mzee Shomari alicheka mpaka akatolewa nje kupigwa upepo. Mwenye gereji alicheka pia, akamwambia Kasimiri aanze kazi Jumatatu. Tiketi ya treni hakuikata.

Chapa barua zote tatu gazetini, na jina langu liwe kwa herufi kubwa, maana fundi ni mie na mtani ni wangu. Kofia yangu ya bulibuli sijaiona tangu Ijumaa. Wanasema inaonekana Barabara ya Pugu, imejaa grisi, na aliyeivaa anawaambia watu wampishe.

Mie, FUNDI MWISHEHE, Temeke.