Anwani Alizomaliza Kamande

Doha, Jumatano

Mami mpendwa,

Nakusalimu sana. Goti linaendeleaje? Zile dawa za Thika zimesaidia, ama bado unapanda ngazi ukilishika kwa mkono? Mimi ni mzima, joto tu ndilo linanichoma.

Mami, jana Kamande alinipigia. Ndiye yule yule tuliyeanzisha naye biashara ya intaneti Ruiru, akanifukuza, kisha akaja mpaka kanisani kwenu kuwaambia akina mama kwamba Njoki wako aliharibu mitambo makusudi. Wakakuvua uenyekiti wa kikundi. Sijasahau hata siku moja.

Ukweli ni huu. Kila kifaa kwenye mtandao kinahitaji anwani yake, na zetu zilikuwa chache. Kamande aliipa ploti ya nyumba kumi na mbili anwani mia mbili hamsini na nne. Zingine zikalala bure. Halafu njia za kupitisha data aliziandika kwa mkono, moja moja, kwenye kila ruta, vile visanduku vinavyoielekeza data. Nilimwambia, "Wacha ruta ziambiane njia zenyewe. Waya ukikatika, zitazungukia kwingine."

Akacheka. "Ati msichana wa Makongeni ndiye atanifundisha?"

Waya ukakatika mtaa wa Kiuu. Wateja wakakaa siku tatu bila intaneti, na njia ya pili ilikuwa hapo, nzima kabisa. Ndipo akatafuta wa kulaumu.

Sasa anwani zimemwishia. Wateja wapya hawaingii, wa zamani wanahama. "Njoki, nisaidie, nimekwama," aliniambia. Nilimsikiliza akihema. Ilikuwa tamu, Mami, siwezi kukudanganya.

Nikamwambia, "Jumapili ibada ikiisha, simama mbele ya wale akina mama useme ulidanganya. Mama akinithibitishia, nitakugawia anwani upya."

"Mbele ya watu wote?"

"Uliponichafua walikuwa wangapi?"

Amekubali. Mpango nimeshauchora, lakini hatauona kabla hujanipigia. Nakujua, huruma itakushika utake kumkatiza. Usimkatize. Akisema nusu, mwambie aendelee.

Nisalimie kaka Mwangi na watoto wake, shangazi wa Kiganjo, na jirani anayekuletea maziwa. Wale akina mama wa kikundi usiwape salamu zangu bado. Wangoje kwanza wamsikie.

Ni mimi kitindamimba wako,
Njoki