Maji Yanayoshuka kwa Mama Zuhura

Tandale, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye sala nalirukaga: aliyemletea Zuhura, mtoto wa jirani, ugonjwa ni mjomba, kaka yako, na mie nilimshikia mwavuli.

Mguu wako umepoa lakini? Mie mzima, shule naenda. Nakuandikia kwa sababu simu ninayokupigia ni yake, na tukiongea anakaaga pembeni anacheka na sie.

Ni hivi. Choo chetu kilijaa. Gari la kunyonya haliingii uchochoro huu, kwa hiyo masika watu wanatapisha: mvua ikikolea wanatoboa ukuta wa shimo, uchafu unaondoka na maji. Jumamosi moja ya mvua mjomba akang'oa tofali kwa mtaimbo. Nikamwambia, "Mjomba, chini kule ni kwa Mama Zuhura."

"Atu, mtaa mzima wanatapisha. Tukae na uchafu sie tu?"

Basi, nikaendelea kumshikia mwavuli.

Zuhura ana miaka mitatu. Aliharisha na kutapika hadi macho yakaingia ndani. Na Mama, usimwone mjomba mbaya: aliyembeba mbio hadi zahanati ni yeye, bila hata viatu. Ndiye kiongozi wa huduma kwenye jumuiya yetu. Akatukusanya tukapeleka mchele, sabuni na dawa ya maji. Akaomba pale mlangoni, akalia machozi ya kweli. Mama Zuhura, Mwislamu wa watu, akatushika mikono: "Jamani nyie watu wa kanisa! Ndugu zangu wenyewe hawajafika." Nikashindwa kumtazama.

Jumuiya ya juzi tulisoma habari ya kumpenda jirani. Mjomba akauliza mwenye neno. Nikasimama. Mjomba akadakia:

"Heee, leo Atu anasema! Huyu hata chumvi mezani anaiomba kwa kidole!"

Watu wakacheka, wakanipigia makofi. Nikaomba wimbo. Tukaimba beti zote.

Biolojia tunasoma kwa Kiingereza, na hiyo ishu ya choo na maji naweza kuijazia ukurasa, nikapata vema zote. Kwa Kiswahili, mbele ya mjomba, neno halitoki.

Zuhura karudi jana. Miguu imekuwa vijiti, ila anacheza uani kwao, anachota tope kwa kifuniko cha ndoo. Na shimo letu limejaa tena. Nikisema, mjomba ataaibika mbele ya watu wote, na mie nitarudishwa huko shule sijamaliza. Nisiposema... Mama, ongea naye wewe. Wewe anakusikilizaga.

Nisalimie bibi, mwambie khanga aliyonipa najifunika. Na kaka Ipyana, hiyo bodaboda aiendeshe taratibu.

Mwanao,
Atupele

Mama, bati limeanza kulia. Mvua kubwa. Viatu vya mjomba navisikia koridoni, na ule mtaimbo anauburuta sakafuni. Anakuja huku. Naisukumia barua chini ya godo